Mashuka ya Wodi Namba Nne

Kengele ya abasia inagonga Ndanda bado giza,
nami natafuta kandambili ya kushoto.
Sala yangu ya kwanza ndiyo hiyo:
Bwana, iko wapi?
Iko mvunguni, imelala tumbo juu.
Naivaa bila kusema asante.
Sijanawa uso, na tayari nimemsahau.

Kazi yangu ni mashuka.
Mashine ipo, lakini mashine ina siku zake,
na siku zake nyingi ni za mapumziko,
basi mimi na Kostansia tunaingiza mikono.
Damu hutaka maji ya baridi;
ukiitangulizia ya moto inang'ang'ania
kama mtu aliyeitwa mwongo mbele za watu.
Uji, usaha, mikojo ya watoto, dawa ya zambarau,
kila doa nalijua tabia.
Mungu simjui hivyo.

Katekista Alfonsi Mrope alitufundisha,
Mungu yupo, hapa, sasa hivi,
nami nikageuka kuangalia nyuma.
Darasa zima likacheka.
Miaka arobaini na miwili naendelea kugeuka.
Nimemtafuta kwenye mikesha, kwenye novena,
kwenye mafungo ya kimya, siku tatu,
ambako nilisikia tumbo langu tu.

Siku hizi nina kadesturi kadogo.
Kila nikamuapo shuka, kabla ya kulikung'uta,
nasema moyoni: Upo.
Basi. Sihesabu, si rozari.
Nakamua. Upo. Nakung'uta.
Shuka la tatu nakumbuka deni la sukari kwa Mama Namalowe.
La tano namjibu shemeji yangu
yale maneno niliyopaswa kumjibu juzi,
maneno mazuri, yenye ncha,
hata Kostansia anauliza, unacheka na nani?
La tisa nashtuka: kumbe nilitoka zamani.
Narudi.
Sijawahi kukuta mtu mlangoni wa kunigombeza.

Jumanne likaja shuka la kitanda cha kumi na moja.
Limekunjwa, pembe juu ya pembe,
halina doa, hata la chai.
Mhudumu akasema, yule kijana wa pikipiki
amekwenda saa tisa usiku,
na mama yake, aliyetoka Chikundi kwa miguu,
alilitandua mwenyewe, akalikunja,
akauliza alikabidhi kwa nani.

Utaratibu ni utaratibu. Tulilizamisha.
Nikataka kusema lile neno langu
likagoma, likakaa kooni kama kokwa.
Nikaliacha lilivyo.
Kostansia, ambaye husali akiwa amesimama karibu na mlango
ili awahi kutoka,
akashika upande wa pili.
Yeye akasokota kulia, mimi kushoto,
maji yakashuka, yakashuka, yakawa matone,
nasi bado tumeshika.

Ndipo nikasikia bomba.
Lile linaloleta maji ya mlimani,
limepita chini ya uwanja huu wa kuanikia,
chini ya nyayo zangu, miaka kumi na saba.
Halikuanza kutiririka siku ile.
Nilikuwa naona Oktoba, nyasi zote zimekauka,
ila mstari mmoja wa kijani kutoka ukutani hadi kwenye karo,
nami nauruka nisiloweshe miguu.

Sikumwambia Kostansia.
Tulianika. Upepo ukalijaza lile shuka
likawa na kifua.

Msidhani mambo yamebadilika.
Kufika dukani nilikuwa nimeshasahau,
nagombania chenji ya shilingi mia.
Lakini nyumbani nilimkuta shemeji barazani,
amekaa na uso wake ule ule.
Nikamwekea chai. Sukari haikuwepo,
akainywa hivyo hivyo.
Yale maneno yangu mazuri niliyatafuta kila mahali.
Sikuyaona.
Tukakaa.
Kwa mbali, chini ya ardhi, au ni masikio yangu tu,
maji.